Kabla ya Kulipa Karo, Tuulize Kwanza Kazi

Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Butere vina desturi nzuri. Mtoto wa mwanachama akimaliza kidato cha nne, pesa za kikundi hutolewa mkopo, au watu wanaitana nyumbani kwake harambee ndogo, ili apate karo ya kwenda kusomea kazi. Wengine wanauza ng'ombe. Wengine wanakodisha kipande cha shamba kwa miaka mitatu, na kipande hicho kikirudi udongo umechoka. Kwa hivyo, ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Karo ikilipia kozi ambayo kazi yake imekwisha, mtoto amepoteza miaka miwili, na mkopo bado unadaiwa kila siku ya mkutano.

Sasa, sisi wazazi huchaguaje kozi? Mara nyingi tunaangalia nyuma. Tunakumbuka jirani aliyeandikwa kiwandani Mumias akajenga nyumba ya matofali. Tunakumbuka shangazi aliyejua kupiga taipu akapata kazi ofisini kwa D.O. Tunakumbuka vijana waliopanda gari kwenda Kericho kuchuma chai na kurudi Desemba na godoro jipya. Basi tunasema, "Na huyu apite njia hiyo hiyo." Lakini njia hizo tatu si zile tulizozijua, na hazikubadilika kwa bahati mbaya tu. Kwenye redio tunasikia maneno makubwa: utandawazi, kazi kutolewa kwa kandarasi ng'ambo, mashine kuchukua nafasi ya watu. Yanasikika kama mambo ya Ulaya na Marekani. Ukweli ni kwamba yamefika mpaka kwa mlango wetu, na tukiyaelewa tutauliza maswali bora kabla ya kufungua sanduku la kikundi.

MUMIAS: SUKARI YA WENZETU ILIPOINGIA

Tuanze karibu. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko viwanda vingine vyote vya sukari nchini, na ukitoka Butere kwenda Mumias uliona miwa kushoto na miwa kulia. Ajira haikuwa ndani ya ua wa kiwanda peke yake. Walikuwako wakataji miwa, madereva wa trekta, makarani wa mizani, mafundi wa kuchomelea vyuma, akina mama waliouza chakula langoni, na mwenye duka aliyekopesha sukari na mafuta ya taa kwa sababu alijua malipo ya miwa yatakuja. Mwaka 2001 hisa za kampuni ziliingia katika soko la hisa la Nairobi. Septemba 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya meneja wa benki iliyokuwa ikikidai, yule ambaye magazeti humwita mrasimu. Desemba 2021 kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, na mwaka 2022 kikaanza kusaga tena, huku kesi zikiendelea mahakamani.

Ni nini kilikiangusha? Hapa tusidanganyane, kuna pande mbili. Upande mmoja ni usimamizi mbaya na madeni, mambo ambayo yalizungumzwa hadi Bungeni. Upande wa pili ndio huo utandawazi. Oktoba 2000 nchi kadhaa za COMESA, Kenya ikiwa mojawapo, zilifungua soko huru: bidhaa ya mwenzako iingie kwako bila ushuru, na yako iingie kwake. Sukari ya Misri au ya Malawi hutengenezwa kwa gharama ndogo kuliko yetu. Miwa yetu hungoja mvua, hukaa shambani mwaka mmoja na nusu mpaka miaka miwili, tena imepandwa kwenye vipande vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kina mwenyewe. Kenya ikaomba kinga ili sukari hiyo isiingie yote kwa wingi, ikapewa, ikaongezewa tena na tena, mpaka kinga hiyo ikafika mwisho Novemba 2025. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 tulijua mlango utafunguliwa siku moja. Katika mwaka huo huo wa 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni za watu binafsi kwa miaka 30.

Sasa tazama tofauti kati ya watu wawili waliofanya kazi katika kiwanda kama hicho. Karani wa mizani alijua mizani ile, fomu zile, na taratibu za kampuni ile. Fundi wa kuchomelea alijua chuma. Kiwanda kikifunga, karani amebaki na barua ya kuachishwa, lakini fundi anaweza kutengeneza lango la shule, trela ya mkokoteni, dirisha la nyumba, kitanda cha zahanati. Sisemi fundi hakuumia. Aliumia, maana pesa ya miwa ikikauka hakuna wa kununua lango. Lakini ujuzi wake ulikuwa na miguu, ungeweza kwenda Kakamega, Kisumu au hata Eldoret. Hilo ndilo neno la kwanza la kukumbuka: ujuzi wenye miguu.

KERICHO: MASHINE YA KUCHUMA CHAI

Tangu zamani vijana wa magharibi, wetu na wa Nyanza, walikwenda kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho. Hakuna aliyeulizwa cheti. Ukiwa na mikono myepesi na mgongo wa kuvumilia, unapewa kikapu na nyumba ya kampuni. Kisha mashine zikaja. Kuna za kushikwa na watu wawili au watatu, zinapita juu ya chai kama mkasi mkubwa, na kuna kubwa zinazoendeshwa kama trekta ndogo. Mwaka 2010 chama cha wafanyakazi wa mashambani kiliitisha mgomo juu ya mashine hizo. Mei 2023 watu walivamia mashamba, mashine zikachomwa moto na mtu akapoteza maisha katika vurugu hizo. Mapema mwaka huo kamati ya kaunti ya Kericho ilipendekeza kampuni zigawanye kazi, asilimia 60 kwa mashine na 40 kwa mikono. Soma tena hesabu hiyo. Hata wale waliokaa kutetea wafanyakazi walikubali kwamba sehemu kubwa ya kuchuma itakuwa ya mashine.

Hasira ya mtu aliyepokonywa kibarua inaeleweka. Lakini mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine, na mchumaji hakurudishwa kikapu. Kampuni hupiga hesabu hivi: mchumaji hulipwa kwa kilo, mashine hulipiwa mara moja, kisha ni mafuta, vipuri na watu wachache wa kuiendesha. Chai ikiwa bei ya chini mnadani Mombasa, mwenye shamba anaanza kukata kwa mchumaji. Mkulima mdogo mwenye nusu ekari bado anachuma majani mawili na chipukizi kwa mkono, hana haja ya trekta. Kwa hivyo kazi ya kuchuma haijaisha nchini. Kilichokwisha ni ile ya vijana maelfu kuondoka kijijini kila mwaka bila ujuzi wowote, wakitegemea kwamba nguvu za mikono zitapata mnunuzi huko mbele.

Na je, pale shambani ni nani aliyebaki? Ni anayeendesha mashine, anayenoa visu vyake, anayetengeneza injini ndogo. Ni wachache, hilo ni kweli. Hawawi wengi kama wale waliotoka. Atakayekuambia kwamba kila mashine inaleta kazi nyingi kama zile ilizoondoa, muulize zilikwenda wapi hapo Kericho.

KAZI INAYOPITA NDANI YA WAYA

Njia ya tatu ni mpya na vijana wetu wanaipenda. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na intaneti ikawa ya haraka na nafuu. Kampuni ya Marekani ambayo ingemwandika Mmarekani kupokea simu au kupanga picha iliweza sasa kutoa kazi hiyo kwa kandarasi Nairobi, ambako mshahara ni mdogo. Hiyo ndiyo kazi ya kandarasi ng'ambo. Hakuna dhambi ndani yake. Imelipa kodi za nyumba na karo za wadogo wengi.

Lakini angalia jinsi inavyokuja na inavyoondoka. Kampuni ya Sama ya Nairobi ilikuwa na vijana waliotazama picha na maandishi mabaya ya mtandao wa Facebook ili yaondolewe, na wengine waliofundisha kompyuta kutambua maneno machafu. Gazeti la Time liliandika Januari 2023 kwamba waliofanya hiyo kazi ya pili walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mwezi huo huo kampuni ilitangaza kuacha kazi ya Facebook, na wafanyakazi waliofutwa wakaenda mahakamani. Machi 2024 Remotasks, mtandao mwingine uliokuwa ukiwapa vijana kazi ndogo ndogo za kompyuta, ulifungiwa Kenya. Mtu alilala akiwa na kazi, akaamka hana hata wa kumpigia simu.

Kuna na ile ya kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha zao. Wengi walijisifu nayo, sijui kwa nini, maana ni kumsaidia mtu kudanganya mwalimu wake. Tuache hilo. Mwaka 2022 sheria ya Uingereza ilifanya biashara hiyo kuwa kosa kule, na Novemba mwaka huo huo programu ya ChatGPT ikatoka, ambayo mwanafunzi akiiagiza insha inaiandika kwa dakika moja. Sheria upande huu, mashine upande ule.

Neno la pili la kukumbuka basi ni mnunuzi. Kazi yenye mnunuzi mmoja aliye mbali, usiyemjua na asiyekujua, inaweza kulipa vizuri leo, lakini usiijengee nyumba. Kijana akiipata, na aifanye. Ila kikundi kimshauri atumie mapato yake kununua kitu kitakachobaki: cherehani, mashine ya kuchomelea, mwaka mmoja wa kozi.

TAIPU NA BODABODA

Hapa nataka tukae kidogo, maana jambo hili tumeliona kwa macho yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msichana aliyejua kupiga taipu alikuwa amefika. Wazazi walilipa karo chuo cha ukarani, akajifunza kupiga bila kutazama vidole. Kisha kompyuta ikaja, na bosi akaanza kujiandikia barua mwenyewe. Mashine za taipu zikaingia stoo. Lakini fikiria: je, watu wa Butere waliacha kuhitaji karatasi? Hapana, wanazihitaji kuliko zamani. Kuna cheti cha kuzaliwa, namba ya KRA, mkopo wa HELB, fomu ya basari, programu ya mazishi, barua ya chifu. Aliyekuwa mpiga taipu na akajifunza kompyuta, akaweka printa na meza sokoni, wateja wake ni wale wale. Kilichokufa ni kubonyeza vitufe. Kuhudumia mtu mwenye shida ya karatasi hakukufa.

Bodaboda nayo. Sote twajua ilianza Busia, baiskeli zikivusha watu kutoka boda hadi boda, kisha ikafika kila soko la magharibi. Kijana alishona kiti cha sponji nyuma, akabeba mama na kuku wake mpaka Khwisero. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache baiskeli ya abiria ikawa kitu cha kukumbuka. Waliokuwa wakitengeneza baiskeli chini ya mti walifika njia panda. Aliyekataa kugusa injini alibaki na pancha za watoto wa shule. Aliyekaa miezi kadhaa kwa fundi mwenzake, akijifunza klachi na kabureta, akapata wateja wengi kuliko mwanzo.

Sasa imekuja pikipiki ya umeme. Kwa miji mikubwa imeshaonekana, na mafuta yakipanda bei mwendeshaji anaanza kuitamani. Pikipiki ya umeme haina plagi, haina pistoni, haina oili ya kubadilisha, haina kabureta ya kusafisha. Hesabu mwenyewe ni kazi ngapi za fundi zimeondoka hapo. Lakini ina tairi, ina breki, ina beringi, ina shoki zinazokufa kwa mashimo ya barabara zetu, na ina nyaya, betri na mota. Kwa hivyo kijana anayejifunza ufundi wa pikipiki leo hana haja ya kuacha. Pikipiki za petroli zitakuwa nasi miaka mingi bado. Lakini ajifunze umeme pamoja, tangu sasa, kabla gereji haijatulia. Hiyo ndiyo maana ya kupanga kazi: kujua ni sehemu gani ya kazi itaondoka, na kuanza kusimama kwenye ile itakayobaki.

Hata fundi cherehani amepitia hayo. Mitumba ilipofunguliwa mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya nguo vilitikisika, KICOMI ya Kisumu ikafunga, na fundi aliyeshona suruali za kawaida akakosa wa kumshonea. Waliobaki ni washonaji wa sare za shule, majoho ya kwaya, vitenge vya harusi, na wale wanaopunguza mitumba yenyewe ili imkae mtu. Mitumba ilimnyang'anya kazi, kisha ikamletea nyingine.

TUULIZE NINI KUHUSU KOZI?

Kwanza, atakayelipa ni nani, na anaishi wapi? Ng'ombe wa Shianda mwenye homa hatibiwi kutoka Bombay. Paa linalovuja Manyala halizibwi na kompyuta ya Nairobi. Kazi inayohitaji mtu asimame pale pale, aguse kitu, atazame uso wa mwenye shida, haipelekwi ng'ambo upesi: ufundi bomba, umeme wa nyumba na wa sola, ujenzi, uuguzi, malezi ya wazee na watoto, udaktari wa mifugo, kupandisha ng'ombe kwa mirija, upishi wa sherehe. Chuo cha kilimo cha Bukura si mbali na sisi, na bado kuna wazazi wanaoona aibu kumpeleka mtoto kusomea kilimo, ati arudi kwenye jembe aliloliacha. Lakini tusijidanganye kwamba kijijini tumejificha. Mayai ya Uganda yanavuka mpaka na kuuzwa kwa bei inayomshinda mfugaji wetu, kwa sababu chakula cha kuku ni nafuu kule. Kwa hivyo anayesomea kuku ajue pia hesabu ya chakula cha kuku.

Pili, ni sehemu gani ya kazi hii imeshafanywa na simu au mashine? Msituulize sisi waandishi. Waulizeni waliomaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita. Mtumeni mwanachama mmoja akawatafute watatu, si wale ambao chuo kimeweka picha zao kwenye tangazo. Wanafanya nini leo? Wakiwa wanauza mkopo wa simu wote watatu, mmeshapata jibu, na nauli ya kuwatafuta ni ndogo kuliko karo ya muhula mmoja.

Hapa niseme juu ya zile kozi za kompyuta za miezi mitatu, maana zimekula pesa nyingi za vikundi. Kompyuta ni chombo kama jembe. Hakuna mtu anayeandikwa kazi kwa sababu anajua kushika jembe, anaandikwa kwa kulima. Kijana ajifunze kompyuta, ndiyo, lakini pamoja na kitu cha kufanyia: hesabu za duka, uchoraji wa ramani za nyumba, ofisi ya ushirika. Cheti cha kompyuta peke yake, siku hizi kila mtu anacho.

Tatu, vifaa vitatoka wapi? Swali hili vikundi husahau kabisa. Tuseme kikundi kina shilingi 40,000 za kumkopesha binti wa mwanachama anayesomea umeme. Desturi ni kutoa zote ziende karo. Binti anamaliza, ana cheti, hana hata koleo wala mita ya kupimia, anaanza kuazima, na anayeazima kifaa hachagui siku ya kazi. Ingekuwa bora kutoa 25,000 za karo na mtihani, na 15,000 zikae kwa mweka hazina mpaka siku anayomaliza, zinunue vifaa, kikundi kikiona risiti. Karo inayopungua itafutwe kwa basari ya kaunti au HELB, ambayo sasa inakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Na ndiyo, nimesema binti. Nyaya hazijui nani amevaa sketi. Tukiwapeleka wasichana wote kwenye ususi na cherehani, tunawapanga wote kwenye foleni moja.

MILANGO ILIYO WAZI

Zamani kidogo, mwaka 1966, Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza, baada ya shule ni nini? Watoto walikuwa wakimaliza darasa la saba bila pa kwenda. Kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo watu wazima huviita mpaka leo "polytechnic". Tangu ugatuzi wa 2013 viko chini ya kaunti. Wengi bado huvidharau, wakisema ni vya walioanguka. Mtazamo huo umetugharimu. Kijana aliyepata E katika kidato cha nne anaweza kuanza kozi ya chini ya ufundi, apande mpaka cheti, na kutoka cheti mpaka diploma, hadi kufika Sigalagala au hata Masinde Muliro, kama ana nia. Ni ngazi, na mtu anaweza kusimama katika kidato chochote, akafanya kazi, akarudi kupanda akipata pesa.

Kwa yule aliyejifunza kazi chini ya mti kwa fundi mwingine, bila darasa, kuna mitihani ya madaraja ya NITA, kuanzia la tatu kwenda la kwanza. Hupima mikono yake. Mjenzi mwenye daraja la NITA anaweza kuonyesha karatasi kwa mkandarasi wa barabara au wa shule, na pale ambapo wenzake wanaitwa vibarua yeye anaitwa fundi. Tofauti hiyo inaonekana Jumamosi ya malipo.

Wenye watoto wadogo nao wasilale. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi, na shule ya sekondari ya juu sasa ina njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na tano anatakiwa kuchagua. Mzazi aliyezoea kusema "utakuwa daktari" akae naye amuulize anapenda kufanya nini mikono yake ikiwa huru, na shule iliyo karibu ina mwalimu na vifaa vya njia hiyo au ina jina tu.

Kuna na mlango mmoja unaopigiwa kelele sana, wa Ghuba: Saudi Arabia, Qatar, Dubai. Watu wanakwenda, wengine wanarudi wamejenga, wengine wanarudi wagonjwa, na wengine kwa sanduku. Sitamzuia mtu. Lakini kabla kikundi hakijamkopesha msafiri hata shilingi moja, mwenyekiti aone jina la ajenti katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Aone mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na siku ya kupumzika, katika lugha ambayo msafiri anaisoma. Nakala ya mkataba na ya pasipoti zibaki nyumbani. Ajenti anayetaka pesa kwa simu, leo, kabla ya saa kumi, hana leseni ya kukuonyesha.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Katibu aandike majina ya vijana wote wa wanachama waliomaliza shule au watakaomaliza mwaka huu, wavulana kwa wasichana. Mbele ya kila jina kuandikwe kazi anayoitaka mwenyewe, si anayotakiwa na baba yake. Vijana wenyewe wawepo, wakae ndani na wazazi, wasisimame dirishani. Kisha kikundi kijadili kazi moja moja: mnunuzi wake yuko wapi, sehemu gani imeshachukuliwa na mashine, ujuzi huo unaweza kuhamia wapi, na vifaa vyake ni bei gani sokoni Butere na Kakamega wiki hii. Mahali ambapo hakuna anayejua jibu, achaguliwe mtu wa kwenda kuuliza, apewe nauli, na alete habari kabla mweka hazina hajatoa pesa.